Ajenda ya Tatu

Kikao kilifunguliwa saa kumi na dakika arobaini,
arobaini hizo za kumsubiri mwenye ufunguo,
nyuma ya karakana ya baiskeli ya Nyevu, Maweni:
viti sita, watu tisa, ndoo moja kifudifudi.
Mimi ni katibu. Kalamu yangu, wino wa chama.

Ajenda ya kwanza, ada. Tuiruke.
Ya pili, jogoo wa Mama Riziki,
aliyerudi bandani bila mkia
juma lilelile Tsuma alipotuletea ndoana kumi na mbili
zimevaa manyoya mekundu, kila moja bibi harusi.
Tuliazimia: Mama Riziki alipwe. Jogoo aachwe apumue.

Ya tatu, safari.

Athumani alitaka Ngomeni, siku mbili, na hema lake.
Kadzo akataka mlango wa Sabaki:
mto umeshatua matope yake, akasema,
na kolekole huingia na maji kujaa,
vifua mbele, kama wenye nyumba.
"Umewaona?"
"Nimeambiwa."
"Na nani?"
"Na aliyewaona."
Nikaandika: mjumbe alitoa taarifa.

Jefwa wa hesabu akafungua vidole.
Mwezi kumi na tano, bamvua: maji yanapwa saa nne,
yanajaa mpaka saa kumi, yana nguvu, yana samaki.
Tukakubali. Ngomeni. Mchele nani, sufuria nani,
nani asiachiwe chumvi tena kama mara ile.
Mume wa Kadzo ameuliza, kwa niaba ya majirani,
mtu anamvuaje samaki, anampiga picha, kisha anamrudisha?
Swali liliahirishwa.

Shekue alikuwa wa kwanza kuandika jina.
Alilipa, noti zimekunjwa mara nne,
akatazama saa, akaaga: saa moja ya jirani imekwisha.

Huyu ndiye aliyetufundisha kurusha
kiwanjani pa shule ya msingi, uzi wa sufu penye ndoana,
watoto wakituuliza tunavua nyasi za aina gani.
Sisi tulijichapa migongo, tukanasa wavu wa goli.
Mshipi wake ulikwenda nyuma, ukangoja,
ukarudi, ukalala juu ya majani
kama mtu anayefunga mlango asimwamshe aliyelala.

Alipotoka, Kadzo akanipokonya kitabu, akafungua kurasa za nyuma.
Safari saba. Jina la Shekue juu, mara saba.
Mara saba nimelikata mimi, kwa rula,
mstari umenyooka, safi.
"Mamake hageuki kitandani bila mikono ya mtu," Kadzo akasema.
"Dadake hukaa naye alfajiri mpaka saa tatu. Basi."

Ndoo ikalia chini ya aliyeikalia.
Jefwa akarudia vidole vyake, polepole, akianzia upande wa pili.
"Mwezi ishirini na mbili. Maji yanajaa tangu alfajiri."
"Hayo maji mafu," akasema Athumani. "Samaki gani hapo?"
"Mafu," akajibu Jefwa. "Ila saa zake ndizo."

Mambrui, basi. Ufuoni, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake.
Kilichobaki ni nani atamwambia, na amwambie nini,
maana Shekue hapokei hisani, hata ya njiti ya kiberiti.

Hema lilikuwa pembeni, limekunjwa, zima,
kamba zake hazijaona mchanga.
Nikaandika: safari ya Ngomeni imefutwa, hema limechanika.
Nikasoma kwa sauti.
Athumani, mwenye hema, akaomba kalamu,
akauliza limechanika wapi,
asije akaulizwa akasema vingine.
Nikamwambia: ubavuni, karibu na zipu.
Akatia sahihi.